Maelezo ya Karatasi Namba 1147

Jumanne ya pili ya mwezi wa Septemba, saa mbili unusu asubuhi, Roswitha Kämmerling alinawa mikono kwa sabuni isiyo na harufu, akaikausha, akashusha nusu ya pazia la dirisha la kaskazini, kisha akaitoa karatasi namba 1147 kashani na kuilaza juu ya meza. Akaipima kwa rula. Urefu ulikuwa milimita mia mbili na kumi na tatu. Upana ulikuwa mia moja sitini na nane juu, na mia moja sitini na sita chini, kwa sababu ukingo wa kushoto ulikuwa umekatwa kwa kisu na aliyeukata hakutumia rula. Roswitha aliandika vipimo vyote viwili.

Kazi yake, kwa miaka thelathini na mmoja, ilikuwa kueleza michoro. Jumba la michoro la Altenrode lina karatasi elfu kumi na moja, nyingi za penseli na nyingi za nyuso, na kila moja inatakiwa iwe na maelezo ya kumwezesha mtu aliye mbali aione bila kuiona. Sheria ni chache. Unaandika kilichopo. Huandiki kwamba mtu ana huzuni. Unaandika kwamba pembe za mdomo zimeshuka. Ukishamaliza, unayasoma maelezo yako kwa sauti mbele ya karatasi yenyewe, neno kwa neno, jicho likifuata, ili uongo ujikamate wenyewe. Wageni huwacheka watu wa jumba lile wakiwasikia wanasema peke yao mezani.

Roswitha hakujali kuchekwa. Alikaa ghorofa ya nne, peke yake tangu mama yake afariki, na Jumapili nzima huwa hatumii sauti. Jumatatu asubuhi ilimlazimu akohoe kwanza ndipo salamu itoke. Kusoma mbele ya karatasi ndiyo maongezi aliyokuwa nayo, na aliyapenda.

Siku hiyo aliandika: mwanamke kijana, kichwa hadi kifua, amegeuka robo tatu kuelekea kushoto. Penseli laini juu ya karatasi ya rangi ya maziwa. Nywele zimegawanywa katikati na kusukwa nyuma. Kola ya kitambaa chepesi imechorwa kwa mistari michache tu. Uso umekamilishwa, nguo zimeachwa. Chini kulia, sahihi: L. W., 1821. Hizo zilikuwa herufi za Leberecht Wiedenau, mchoraji wa mtawala wa Altenrode, enzi zile mji wetu ulipokuwa mdogo kama ulivyo leo lakini una mtawala wake. Novemba yangefunguliwa maonyesho ya miaka mia mbili tangu Leberecht aingie ikulu, na mwanamke huyu ndiye aliyechaguliwa kukaa kwenye bango. Katalogi ilisema hajulikani ni nani.

Jumatano Roswitha alianza kusoma. Alipofika kwenye neno "kushoto" jicho lilikataa. Mwanamke alikuwa ametazama kulia. Roswitha akafuta, akaandika kulia. Alhamisi alikuta uso umetazama mbele kabisa, akapanda ngazi hadi kwa mkurugenzi, Daktari Henning Strothmann.

"Bwana Daktari, yule mwanamke wa 1147 anageuka."

"Anageukia wapi?"

"Inategemea siku."

Strothmann alikuwa akitafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake. Akafikiri kidogo. "Basi weka neno 'takriban'. Faili liende kwa mchapaji tarehe tatu."

Aliporudi chini alimkuta Bwana Dudek, fundi wa fremu, anakata kadibodi, akamweleza. Dudek hakuinua hata kichwa. "Huyo nafuu, Bi Kämmerling. Mwaka wa tisini na nne kasha la sita kulikuwa na mchungaji mzima wa kanisa, kutwa kupiga chafya. Tukambadilishia kadibodi, akatulia."

"Huyu hapigi chafya."

"Mwache ageuke basi. Wewe ungelala miaka kumi gizani ungeinuka umenyooka?"

Dudek alisema kweli kuhusu miaka kumi. Penseli yenyewe haiogopi mwanga, ila karatasi inauogopa, na kanuni ya jumba ni miezi mitatu ya kuonyeshwa, kisha miaka kumi ya kasha. Hakuna anayeiona kuwa kanuni ya kikatili. Imeandikwa kwa ajili ya karatasi, haikuandikwa kwa ajili ya aliyemo.

Ijumaa Roswitha alikuwa akisoma sehemu ya vivuli. "Kivuli cha shingo kimetiwa kwa mistari sambamba inayoshuka kutoka kulia kwenda kushoto," akasoma.

"Tazama tena," mwanamke akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo na yenye mkwaruzo, kama penseli inayohitaji kuchongwa.

Roswitha akachukua kioo cha kukuzia. Kwa miaka yote alikuwa ameandika sentensi ile ile kwa michoro ya Leberecht, na mkono ulikuwa umeizoea kuliko jicho. Mistari ya shingo ilianzia juu kushoto na kushukia kulia. Ya shavu pia. Ya chini ya kidevu pia. Akatoa karatasi nyingine arobaini za Leberecht, moja baada ya moja, na zote arobaini zililala upande wa kinyume. Saa sita mchana alikuwa bado amesimama, na chai yake imepoa.

Mtu anayetumia mkono wa kulia hulaza vivuli upande mmoja, na wa mkono wa kushoto huvilaza upande wa pili. Hili wanalijua hata wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Roswitha akaendelea. Macho ya mwanamke, hata kichwa kikigeuka, yalikuwa na ukali wa mtu anayejipima kwenye kioo. Bega la upande wa kushoto wa karatasi lilikuwa limeshuka, na mkono wake ulikwenda nje, kuelekea kitu fulani, ukaishia pale kisu kilipopita. Sahihi ile ya L. W. ilikuwa ya penseli nyingine, ngumu, iliyokandamizwa mpaka karatasi ikabonyea.

"Ni wewe uliyechora," Roswitha akasema.

"Ulidhani nani?"

"Imeandikwa Leberecht Wiedenau."

"Kaka yangu. Alitia sahihi siku moja nikiwa jikoni natoa kokwa za plamu. Jina langu lilikuwa pembeni, hapa mkono wangu unapoishia. Akalikata. Akasema karatasi yenye jina la mwanamke hutupwa. Na kweli, haikutupwa."

Roswitha akaandika yote aliyoyaona kuhusu mistari, bega, ukingo na sahihi. Aliyoyasikia hakuyaandika, kwa kuwa hayakuwa na safu yake kwenye fomu.

Alhamisi iliyofuata ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Kwetu mwenye siku ndiye anayeoka keki na kuwapelekea wenzake. Asipoleta, siku hiyo haikutokea. Roswitha alileta keki ya tufaha. Saa tisa walikuja Dudek, Strothmann na binti wa tiketi, wakala wamesimama, wakampa mkono mmoja mmoja, wakamtakia afya, na saa tisa na robo chumba kikabaki na sahani. Alikuwa ametimiza miaka sitini na mitatu. Alikata kipande kingine ambacho hakukitaka.

"Kuna mdalasini?" mwanamke akauliza kutoka mezani.

"Kidogo, Bibi Wiedenau."

"Miaka mingapi leo?"

Roswitha akamwambia. Mwanamke akatabasamu, na Roswitha akaona kwamba pembe za mdomo zimepanda.

Ni lazima nieleze jambo hapa, japo kwetu halielezwi. Watu wa Altenrode huitana kwa majina ya ukoo, Bibi fulani na Bwana fulani, hata wakifanya kazi chumba kimoja mpaka mvi. Kuitana kwa jina la kwanza ni zawadi, na mkubwa ndiye anayeitoa kwa mdogo. Mdogo akijaribu, ni utovu wa adabu. Roswitha na Dudek walikuwa wamekaa miaka kumi na tisa wakisubiriana, maana walizaliwa mwaka mmoja na hakuna aliyethubutu kuuliza mwezi. Tangu mama yake afe, hakukuwa na mtu hata mmoja mjini aliyemwita Roswitha.

"Nani mkubwa kati yetu?" mwanamke akauliza.

"Mimi nina sitini na mitatu. Wewe hapo unaonekana una ishirini na sita."

"Nimezaliwa mwaka wa elfu moja mia saba tisini na tano."

"Basi ni wewe."

"Basi niite Ernestine."

"Roswitha," akasema Roswitha. Furaha ilimjia ghafla, akaona aibu nayo. Desturi inataka wanaopeana majina wanywe kitu, hivyo akanywa kahawa iliyobaki, na Ernestine akamtazama akinywa. Kisha Ernestine akasema alilokuwa anasubiri kulisema.

"Roswitha, liandike jina langu. Si lazima liwe kubwa. Hata pembeni."

Ijumaa asubuhi Roswitha alimpelekea Strothmann kurasa mbili. Akazisoma mara mbili, kalamu mkononi, na hakusahihisha hata nukta.

"Maandishi haya ni safi," akasema. "Hii ya mistari ni ugunduzi, Bi Kämmerling. Nimekaa na michoro hii maisha yangu yote na sikuiona."

"Kwa hiyo tunabadilisha jina la mchoraji?"

"Tuweke la nani?"

"La dada yake, Ernestine. Sahihi imeongezwa baadaye."

"Nani kasema?"

"Mwenyewe."

"Kwa maandishi?"

"Kwa mdomo. Mezani kwangu."

Strothmann akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomfanya awe mgumu kupingwa. "Kauli ya mdomo ya anayechorwa hatuwezi kuiingiza. Tukifungua mlango huo, kesho hata farasi wa kasha la tisa watakuja na madai yao. Una hati? Barua, kitabu cha kanisa, chochote?"

"Kulikuwa na jina. Limekatwa."

"Sasa, kilichokatwa tutakionyeshaje?"

"Mkono wa kushoto ni wa nani basi, Bwana Daktari?"

"Mkono wa kushoto naukubali. Umeuthibitisha vizuri sana." Uso wake ukawa wa mtu aliyeokota kitu njiani. "Wiedenau alikuwa anachora kwa mikono yote miwili. Hili hakuna aliyewahi kulisema. Bi Kämmerling, umetupa sura mpya ya katalogi."

Mnyonge hana haki, wamesema wahenga. Hawakusema kwamba siku nyingine mwenye huruma ndiye anayemchongea mwenye nguvu kalamu ya kuandikia. Roswitha alisimama pale na kurasa zake zilizosifiwa, asijue aweke wapi mikono.

Strothmann ni mtu wa haki kwa kipimo chake, akashuka kumwona mwanamke mwenyewe. Akainama mezani, mikono nyuma, kama inavyotakiwa.

"Habari za asubuhi, bibi."

"Nzuri, bwana. Mimi ndiye niliyejichora."

"Bila shaka," akasema Strothmann, "na umetoka vizuri." Walipokuwa ngazini akamwambia Roswitha kwa sauti ya chini, "Ana adabu. Wengine hapa hawana."

Faili la katalogi lilitoka kwenye meza ya Roswitha moja kwa moja kwenda kwa mchapaji. Hakuna aliyelipitia baada yake, kwa kuwa katika miaka thelathini na mmoja hakuwahi kukosea. Alijua hilo, na Ernestine pia alilijua.

"Ni wewe unayeandika," Ernestine alimwambia.

"Ninaandika kinachoonekana."

"Na mimi sionekani?"

Tarehe mbili saa kumi jioni aliandika mahali pa jina la mchoraji: Ernestine Wiedenau. Akaliangalia. Lilikaa vizuri, halikuwa refu kupita safu. Akafunga mashine, akaenda nyumbani, akachemsha yai, akalala. Tarehe tatu asubuhi akalifuta. Hakuogopa kufukuzwa, kwetu hafukuzwi mtu aliyebakiza miaka miwili kustaafu. Aliogopa siku ambayo mtu fulani, kutoka mji wowote, angeandika barua fupi ya heshima kuuliza hati iko wapi, na yeye asiwe nayo. Aliogopa kuambiwa amekosea. Naona haya kumsemea, lakini ndivyo ilivyokuwa, na watu wengi wazuri wametupwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Kanuni ya kusoma kwa sauti haina ruhusa ya kurukwa. Roswitha akailaza karatasi, akakohoa, akasoma.

"Leberecht Wiedenau. Picha ya mwanamke asiyejulikana. Mistari ya kivuli inashuka kutoka kushoto kwenda kulia, tofauti na desturi ya mchoraji, jambo linaloonyesha kwamba aliweza kutumia mikono yote miwili kwa ustadi ulio sawa. Ukingo wa kushoto umepunguzwa. Sahihi chini kulia ni ya mkono wake." Chini ya maelezo kulikuwa na herufi zake mwenyewe, R. K., na hizo pia alizisoma.

Ernestine alisikiliza mpaka mwisho, ametazama mbele, bila kupepesa.

"Sentensi nzuri," akasema.

Roswitha alitaka kumwambia samahani. Akatafuta neno hilo kama mtu anayetafuta ufunguo mfuko mwingine, na kabla hajalipata simu ya mchapaji ikalia. Akairudisha karatasi kashani kwa uangalifu uleule wa siku zote.

Jumatatu alifungua kasha. Ernestine alikuwa ameipa dunia mgongo. Kilichoonekana ni kisogo, msuko wa nywele uliofungwa juu, shingo, na mstari mmoja wa kola. Roswitha alimwita kwa jina lake. Akamwita tena, na mara ya tatu alimwita kwa sauti kiasi kwamba Dudek alikuja mlangoni.

"Kageuka mazima?" Dudek akauliza.

"Ndiyo."

Dudek akatazama. "Hapo hata kadibodi haitasaidia," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Mabango mia na ishirini yalikuwa tayari yamebandikwa kwenye vituo vya basi, na yote mia na ishirini yalikuwa yamegeuka usiku uleule. Mchapaji aliandika barua kusema kosa si la mashine zake. Halmashauri ya mji ilijibu kwamba hakuna aliyelalamika. Watu walisubiri basi mbele ya kile kisogo na kusoma ratiba, na bibi mmoja wa mtaa wa kanisani alimsifu yule msichana kwa msuko ambao siku hizi hakuna anayeujua.

Strothmann alishuka akiwa na wasiwasi, lakini alipoiona karatasi wasiwasi ukamtoka. Alisimama mbele yake kitambo kirefu.

"Mtu anayeonekana kwa nyuma," akasema taratibu. "Hakuna kitu cha enzi ile zaidi ya hiki, Bi Kämmerling. Mtu ameugeukia ukimya, na sisi tunabaki nyuma yake. Wote waliokuwa wakubwa wakati ule walichora hivi, na sisi hatukuwa na hata mmoja. Sasa tunaye wa Wiedenau."

"Amekasirika, Bwana Daktari."

"Hilo huliandiki," akasema Strothmann, na alisema bila ukali, kwa kuwa ndivyo alivyomfundisha Roswitha siku alipoanza kazi.

Maonyesho yalifunguliwa Novemba, mvua ikinyesha. Watu walikuja hata kutoka miji mingine, wakapanga foleni hadi kwenye vigae vya uani. Mbele ya karatasi namba 1147 walisimama zaidi kuliko mahali popote. Walisema shingo ile ina upweke usio na mfano. Walisema ni mwanamume mwenye moyo mkubwa tu ndiye angeweza kuuona upweke wa mwanamke namna ile, tena kwa mkono wa kushoto. Roswitha alikaa kwenye kiti cha pembeni siku zote za maonyesho, japo haikuwa kazi yake. Alidhani huenda jumba likitulia, saa ya kufunga, kichwa kingesogea hata kidogo. Hakikusogea. Penseli ilikuwa imekaa kimya kama penseli nyingine yoyote.

Kwa kuwa maelezo ya zamani hayakulingana tena na karatasi, alitakiwa ayaandike upya kwa chapa ya pili, na hakuna mwingine angeweza kuyaandika vizuri kama yeye. Aliifanya kazi hiyo Februari, siku ambayo karatasi ilirudi kutoka ukutani kuanza miaka yake kumi. Alinawa mikono. Alipima. Aliandika msuko, shingo, na mistari ya kivuli inayoshuka kutoka kushoto kwenda kulia. Akaigeuza karatasi, kwa kuwa kila maelezo hufunga kwa upande wa pili, akaushika mbele ya dirisha na kuutazama mpaka mkono ukachoka. Kisha akasoma kwa sauti alichoandika, polepole, akiacha nafasi baada ya kila sentensi ili mtu akitaka kumsahihisha apate pa kuingilia.

"Mwanamke ameutazama upande wa nyuma wa karatasi," akasoma. "Upande wa nyuma hauna kitu."